Ziwa Malawi: Soma hii kabla uruke majini

Buda, si lazima ushuke Diani ndio uogelee na samaki wa rangi. Ziwa Malawi, lile Watanzania huita Nyasa, halina chumvi na kina chake kinafika karibu mita 700. Pale Cape Maclear kuna mbuga iliyoingia orodha ya UNESCO 1984 juu ya hao samaki.

Wale wagumu huvuka Cape Ntundu hadi Senga Bay, kama kilomita 25. Lewis Pugh na Otto Thaning waliimaliza 1992.

Noma ni kichocho. Konokono wake hupenda ukingoni kwenye nyasi, so panda boti uingilie kwenye kina. Mamba nao wacheki mahali mito inaingilia. Ukirudi, ngoja wiki sita hivi ndio umeze prazikwanteli. Minyoo wachanga haiwamalizi.