Kuakifisha: Neno Hili Limetoka Wapi?

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mlio madarasani hivi sasa, sote tumepitia kalamu nyekundu ya mwalimu kwa ajili ya kuakifisha. Wachache waliuliza neno lenyewe limetoka wapi. Kazi yangu mimi ni majalada, na huko mkato ukikosekana barua hurudi kwa mwandishi, kwa hiyo nimelazimika kulifikiri.

Waingereza husema "punctuate". Asili yake ni neno la Kilatini, punctum, yaani tundu au alama iliyodungwa kwa ncha. Zamani wao wenyewe walisema "point" tu. "Punctuate" kwa maana ya leo lilishika katika karne ya 19. Basi Mwingereza aakifishapo, kwa asili ya neno lake, anadunga karatasi.

Letu halidungi kitu. Limetokana na mzizi wa Kiarabu, wakafa, kusimama. Mtoto aliyepita chuoni Bagamoyo, Saadani au Pangani alifundishwa kusimama kabla hajasikia habari za mkato: katika msahafu kuna herufi ndogo juu ya mstari, mimu ikimwamuru msomaji asimame, lamu na alifu zilizoungana zikimkataza. Hapo linalotazamwa ni pumzi ya msomaji. Ndugu wa neno hilo ni wakfu wa msikiti, shamba au nyumba iliyosimamishwa isiuzwe wala isirithiwe.

Ajabu ni kwamba barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu hazikuwa na alama hizo. Mwandishi alikwenda mfululizo, akitenganisha mambo kwa "ama baada" na "basi", na msomaji akisoma kwa sauti mpaka maana ijitenge. Mikato na nukta tunazozitumia zilikuja na hati za Kirumi, kwa wamisionari kama Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, na baadaye kwa shule na ofisi za Wajerumani.

Je, hasara ilikuwapo? Tazameni maneno haya: Juma alisema baba hana haki ya shamba. Hapa baba ndiye aliyenyimwa. Tieni mikato miwili: Juma, alisema baba, hana haki ya shamba. Sasa minazi imemtoka Juma. Pasipo alama, sauti ya msomaji ndiyo itakayoamua, na huenda msomaji ni mdai mwenyewe! Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema alama ni urembo wa Wazungu.

Mkato, kwa kweli, ni jina lililolenga sawasawa, kwa kuwa komma ya Kigiriki ni kipande kilichokatwa. Wanaodhani koma hiyo imezaliwa na kukoma kwetu wanakosea. Kukoma ni Kibantu, zimefanana kwa bahati tu.

Lakini lililo letu hasa ni kituo. Limetoka katika kutua, kushusha mzigo. Wapagazi waliobeba pembe kutoka Unyamwezi walitua njiani mara nyingi kabla ya kuiona bahari ya Bagamoyo, mji ambao wenyeji hulieleza jina lake kuwa ni bwaga moyo. Msafara usio na vituo usingefika pwani. Nami mezani kwangu ninayo barua moja, ukurasa mzima, ambayo imeondoka Tabora na mzigo kichwani na haijatua hata sasa.