Kichakataji Kisicho na Kazi: Historia Fupi ya Istilahi

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta akikuta kichakataji ambacho kwa wakati huo hakina kazi ya kufanya, huvutwa upesi kukiita "kichakataji kivivu". Tunaona kwamba jina hilo linapotosha, na shahidi wetu ni historia.

Mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ulianza kuhudumia mashine zenye vichakataji zaidi ya kimoja katika toleo la 2.0 la mwaka 1996. Siku zile kazi zote zilingoja katika foleni moja, na kichakataji kilichomaliza kazi yake kilichukua nyingine humo. Vichakataji vilipoongezeka, vilisongamana kwenye foleni hiyo. Kwa hiyo toleo la 2.6, lililotolewa Desemba 2003, lilikipa kila kichakataji foleni yake.

Dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine: foleni moja yaweza kuwa tupu hali ya jirani imefurika. Ikawa hapana budi mratibu wa kazi, yaani sehemu ya mfumo inayogawa kazi, ajue ni kipi hakina kazi. Kupiga hodi mlango kwa mlango penye vichakataji mamia hupoteza muda. Njia ya mkato ni daftari ambamo kila kichakataji kina alama moja: 1 kikiwa hakina kazi, 0 kikiwa nayo. Lakini daftari moja likiandikwa na wote, msongamano hurudi. Ndiyo maana katika mashine kubwa yafaa ligawanywe kwa makundi.

Mwaka 2016 Jean-Pierre Lozi na wenzake walionyesha kwamba vichakataji chini ya Linux viliweza kukaa bure kwa sekunde kadhaa huku kazi zilizo tayari zikingoja kwenye foleni nyingine. Kosa lilikuwa la mratibu, wala si la vichakataji.

Hapo ndipo uzito wa istilahi unapoonekana. Mvivu hupewa kazi akaikwepa. Kichakataji hiki hakikupewa. Mwanafunzi anayesoma "kivivu" ataitafuta hitilafu mahali isipokuwapo. Tunapendekeza basi "kichakataji kisicho na kazi", na "kichakataji kilicholala" kitengwe kwa kile kilichopunguza umeme, ambacho huchelewa kuamka. Istilahi ya kwanza ni ndefu, lakini haimsingizii mtu wala mashine.