Neema, Amana na Deni: Uamsho wa Gahini na Fundisho la Uaminifu

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za Maziwa Makuu tumezoea kuwaeleza wanafunzi wetu kwamba maneno imani, amini, amana na uaminifu yamechipuka katika shina moja la Kiarabu. Mwanafunzi huyaandika daftarini, akayakariri kwa ajili ya mtihani, na mambo yakaishia hapo. Lakini historia ya nchi zetu hizi inayo sura moja ambamo watu wa kawaida, wasiojua Kiarabu wala sarufi, walilazimika kulikabili swali lililofichika ndani ya maneno hayo: je, yawezekana mtu awe mwenye imani hali si mwaminifu wa amana? Sura hiyo ni ya uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda. Tunaiandika kwa ajili ya walimu wenzetu wa dini zote, kwani uaminifu ni mali ya kila mtu mwenye utu.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Wakristo wa Kiswahili husema neema, nalo katika lugha yetu lilikuwa na maana ya fadhila, baraka na wingi. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Wanyarwanda na Warundi, walipotafsiri Maandiko, walichagua neno ubuntu. Katika maisha ya kila siku kitu kitolewacho kwa ubuntu hakilipiwi, na shina lake ni lile lile tulilo nalo sisi katika mtu na utu. Waganda wao walichukua ekisa, yaani wema wenye huruma. Hivyo basi fundisho moja liliingia katika nchi zetu likiwa limevaa nguo tatu: ya wingi, ya utu na ya huruma. Lugha zote tatu zilikubaliana katika jambo moja, kwamba neema si mshahara. Hailipwi kwa kazi iliyofanywa, wala hainunuliwi.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na ugumu huo ni wa kale. Paulo Mtume mwenyewe, katika waraka wake kwa Warumi, alitambua kwamba wako watakaosema, ikiwa msamaha ni wa bure, basi na tuendelee kutenda dhambi ili neema izidi kuongezeka. Naye akalikataa wazo hilo kwa nguvu. Katika karne ya 5 Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alishindana na Pelagius juu ya jambo hilo hilo: je, binadamu aweza kuwa mwema kwa juhudi zake peke yake? Martin Luther alilifufua katika karne ya 16. Mwaka 1937 Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, ambaye serikali ya Hitler ilimnyonga mwezi Aprili 1945, aliandika kitabu akiwaonya Wakristo wenzake juu ya neema rahisi, yaani msamaha usiomgeuza mtu. Wakati wasomi wa Ulaya walipokuwa wakilijadili jambo hilo vitabuni, wauguzi, walimu na wakulima wa Rwanda na Uganda walikuwa wakilijaribu katika nyumba zao na mifukoni mwao.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini. Njaa kuu ilikuwa ikiitafuna nchi, na maelfu ya watu walikufa au kukimbilia Uganda. Mwezi Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na roho, daktari huyo alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Watu hao wawili walikaa wakisoma Maandiko pamoja. Jambo hilo laonekana dogo leo, lakini katika siku za ukoloni halikuwa dogo hata kidogo: Mzungu na Mwafrika waliketi pamoja wakiwa wenye haja ile ile, wala hapakuwa na mwalimu na mwanafunzi.

Nduguye mdogo Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha shule. Hapo hospitalini alikuwako Yosiya Kinuka, kiongozi wa wauguzi. Kwa muda mrefu kazi ilikuwa na manung'uniko: ubaridi kati ya Waganda na Wanyarwanda, kati ya shule na hospitali, kati ya weusi na weupe. Nje ya misheni watu walikuwa wakimiminika makanisani, hasa baada ya Wabelgiji kumwondoa mfalme Yuhi Musinga mwezi Novemba 1931 na kumtawaza mwanawe, Mutara Rudahigwa. Ubatizo ulikuwa umekuwa mlango wa shule, wa kazi na wa cheo. Mtu alibatizwa, akapewa jina jipya, naye akabaki na mambo yake ya zamani chini ya kitanda.

Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa majuma ya Krismasi huko Gahini, watu walianza kusimama mmoja mmoja na kuungama hadharani. Walichokiungama hakikuwa dhambi kwa jumla, kama tusemavyo katika sala zilizoandikwa. Walitaja mambo yenyewe. Huyu alisema ameiba vitu vya hospitali, yule amemchukia mwenzake, mwingine amedanganya katika hesabu. Na maungamo hayakuishia kanisani. Katika miaka iliyofuata, kutoka Rwanda hadi Kigezi na Ankole, watu walionekana wakirudisha mali: majembe, nguo, fedha, mifugo. Wengine walikwenda katika ofisi za serikali kulipa kodi waliyokuwa wameikwepa, na makarani wasijue waiandike katika daftari gani. Wenyeji waliwaita abaka, yaani wawakao moto. Huko Buganda waliitwa balokole, waliookoka. Majina hayo yalianza kama dhihaka, wenyewe wakayapokea kama heshima.

Sasa tujiulize: kwa nini fundisho la msamaha wa bure liwafanye watu walipe? Kwa hesabu ya kawaida ingepaswa kuwa kinyume. Aliyesamehewa deni mbinguni angeweza kusema kwamba na madeni ya duniani yamefutwa. Lakini wazee wetu walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa, nao watu wa uamsho hawakuona kwamba neema imeitangua methali hiyo. Mfano wao mkubwa ulikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, ambaye Injili ya Luka yasimulia kwamba aliahidi kurudisha mara nne kile alichokidhulumu. Walimu wa uamsho walisisitiza mpangilio wa kisa hicho. Yesu aliingia kwanza nyumbani mwa Zakayo, ndipo Zakayo akafungua mfuko. Hakulipa ili akubaliwe. Alilipa kwa sababu amekwisha kukubaliwa.

Sisi twaona kwamba siri yote iko katika mpangilio huo. Mtu ambaye heshima yake yote yategemea jina jema hana budi kuficha. Karani Mkristo aliyeiba, kama ukristo wake ni cheo alichokipata kwa mwenendo mwema, akiungama apoteza kila kitu. Basi atasema uongo leo ili aulinde uongo wa jana. Lakini kama alichopewa amepewa bure, hali akijulikana jinsi alivyo, basi hana tena cha kulinda. Aweza kusema kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Uamsho ulikuwa namna ya kumpa mgonjwa ujasiri wa kutaja ugonjwa wake. Kwa hiyo msemo uliopendwa sana na ndugu hao ulikuwa kutembea nuruni, maana yake kuishi bila pazia kati ya mtu na mwenzake.

Hatuandiki ili kuwasifu tu. Moto upikao chakula ndio uunguzao nyumba. Blasio Kigozi alifariki kwa homa ya papasi mwezi Januari 1936, akiwa bado kijana, na kifo chake kiliwachochea wengi waende kuhubiri. Lakini baadhi yao walihubiri kwa ukali, wakawahukumu wachungaji na jirani zao waziwazi. Mwaka 1941 katika chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda, baada ya mgogoro juu ya ibada zao za alfajiri na mahubiri yao dhidi ya maovu waliyoyaona chuoni. Wako waliowaona kuwa mashujaa, na wako waliowaona kuwa wakaidi wenye majivuno. Ilidhihirika kwamba mtu aweza kuungama kiburi chake kwa kiburi, na kwamba neema inaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha kuwadharau wasiosema lugha ya waliookoka. Hata hivyo wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao, na ushirika wao wa kila juma ukawa mahali pa kuonyana kidugu.

Mwaka 1937 ujumbe wa ndugu ulifika Kabete nchini Kenya, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 wengine walifika Katoke, katika mkoa wa Kagera wa leo, palipokuwa na chuo cha ualimu. Hapa lugha yetu ilipata kazi kubwa. Mganda, Mnyankole, Mkikuyu na Mhaya waliokutana katika mikutano hiyo walihitaji maneno ya pamoja, na Kiswahili kiliwapa ndugu, toba, ushuhuda na wokovu. Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifundisha shule huko Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950, naye akawa mmoja wa wahubiri na wakalimani mashuhuri wa uamsho.

Uaminifu uliojifunzwa kwa majembe na kodi ulikuja kupimwa kwa mambo mazito zaidi. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa Ukikuyuni walikataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kushika bunduki ya serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Mwezi Januari 1964, huko Nyamata nchini Rwanda, askari walimchukua usiku mchungaji Yona Kanamuzeyi na kumwua. Mwenzake aliyeponea chupuchupu alisimulia kwamba Yona aliomba ruhusa aandike katika daftari lake, na kati ya aliyoyaandika ilikuwamo hesabu ya fedha za kanisa zilizokuwa mikononi mwake. Na mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, mtoto wa uamsho tangu mwaka 1948, aliuawa katika utawala wa Idi Amin, baada ya maaskofu kuandika barua ya kupinga mauaji na dhuluma.

Tungeishia hapo, habari ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kweli yote. Nchi ile ile iliyomzaa uamsho ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Watu walichinjwa hata ndani ya makanisa, huko Nyamata na kwingineko, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa na walioimba nyimbo za wokovu. Walikuwako pia Wakristo waliowaficha majirani zao na kufa pamoja nao. Wote hao tunawaheshimu. Ila swali halikwepeki. Waandishi kadhaa wa historia wameonyesha kwamba kadiri miaka ilivyopita, maungamo yalizoea dhambi za mtu mmoja mmoja: pombe, wizi, uzinzi, hasira. Chuki ya kabila, upendeleo shuleni na kazini, na maneno ya watawala hayakutajwa sana nuruni. Palibaki pembe moja ya nyumba iliyofunikwa, na moto ukaanzia pale.

Baadaye, kati ya mwaka 2002 na 2012, mahakama za gacaca nchini Rwanda zilisikiliza karibu kesi milioni 2. Humo maungamo yalirudi hadharani, na waliopora mali walitakiwa kuirudisha au kuilipa. Lakini tofauti yafaa ionekane: katika sheria, aliyeungama alipunguziwa adhabu, kwa hiyo mwenye kusikiliza hakuweza kujua daima kama anasikia toba au hesabu ya miaka ya kifungo. Sheria haina njia nyingine, wala hatuilaumu. Tunasema tu kwamba neno lililo tupu na neno lililojaa hufanana masikioni, na kinachoyatofautisha ni mwenendo wa siku zifuatazo.

Sisi walimu tunakutana na jambo hili kila muhula, ingawa kwa kipimo kidogo. Mwanafunzi anakili kwa jirani, na tunapomwuliza anakana huku wino haujakauka. Tukimfundisha kwamba thamani yake yote ni alama zake, tumemfundisha kukana. Tukimwacha bila kumdai chochote, tumempa ile neema rahisi. Historia ya Gahini yatuelekeza katika njia ya tatu: mtoto ajue kwamba kwetu angali mtoto wetu hata akikosa, na papo hapo ajue kwamba kazi ile atairudia kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo, siku tutakapoandika tena ubaoni imani, amana na uaminifu, tusiishie kwenye shina la neno. Tuwaulize wanafunzi wetu ni nini walichokabidhiwa, nani aliyewakabidhi, na kama kiko salama.