Kupokea, Kuhakiki na Kuthibitisha

Sheli ya Bourne, iliyoenea pamoja na toleo la saba la mfumo wa Unix mwaka 1979, ilikuwa na amri ya kusoma. Skripti inapofika kwenye amri hiyo husimama, humngoja mtumiaji aandike, kisha huyaweka maandishi yake chini ya jina fulani. Mashine haisomi kwa maana tuijuayo sisi, hupokea tu. Ndiyo maana twaona neno *kupokea* lafaa zaidi.

Baada ya kupokea huja kazi ya kupima. Wafasiri wengine huiita *kuthibitisha*, wengine *kuhakiki*. Tofauti hii si ndogo, na mfano wa Mlangali waionyesha.

Mlangali ni kata ya Wilaya ya Ludewa. Hadi 2012 wilaya hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Njombe. Basi hati ya mwaka 1985 isemayo "Mlangali, Iringa" ni ya kweli, lakini skripti iliyopewa orodha ya kata kwa mikoa yake ya leo peke yake itaikataa. Kwa upande wa pili, iko kata nyingine ya jina hilohilo wilayani Mbozi, ambako tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe. Aandikaye "Mlangali" tu atapokewa bila swali, na huenda jalada lake likapelekwa kusiko kwake.

Hata namba zina mtego. Katika hesabu za sheli ya Bash, namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa nane nane, na katika hesabu hiyo tarakimu 8 na 9 hazimo. Kwa hiyo 07, yaani Julai, hupita. 08 na 09 huleta kosa, ingawa Agosti na Septemba ni miezi halali.

Yaonekana basi kwamba mashine hupima umbo la jibu, wala si ukweli wake. Kupima umbo ni *kuhakiki*. *Kuthibitisha* kwahitaji shahidi au hati, na hiyo ni kazi ya binadamu. Karani aambiwaye kwamba jibu "limethibitishwa" hataliuliza tena.

Twapendekeza maneno haya matatu yatenganishwe. Kadhalika, skripti ikatae kwa maneno yenye kuelekeza. "Jibu batili" halimsaidii mwananchi. "Andika mwezi kwa namba, kuanzia 1 hadi 12" humwonyesha njia.