Barua za Roma katika Nchi ya Wazigua na Wasambaa
Upapa katika historia ya Korogwe na Handeni

Korogwe ni mji wa askofu, ila askofu huyo hateuliwi na Vatikano. Makao makuu ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana yako hapo, na makanisa yake yameenea hadi Kideleko, wilayani Handeni. Ndani yake waumini wanasali Misa. Kuna padri aliyevaa kasula, kuna ubani na kitubio, na Bikira Maria anaheshimiwa. Askofu wa Kanisa Katoliki la Roma, ambaye Wakatoliki wa wilaya hizi mbili wako chini yake, anakaa Tanga mjini. Kwa hiyo huku desturi za Kikatoliki zilitangulia kufika zikiwa hazina Papa, naye Papa akaja nyuma yake.

Hakuja kwa miguu. Papa Yohane Paulo II alipoitembelea Tanzania Septemba 1990 alifika Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi, na Tanga haikuwamo katika ratiba. Kilichofika Korogwe na Handeni ni barua: barua za kugawa nchi kwa wamisionari, za kukataza biashara, za kuidhinisha mashirika, na moja iliyotangaza kwamba mapadri wa jirani si mapadri. Makala hii inazifuata barua hizo.

Kutoka kwa Petro hadi mwaka 1839

Mapokeo ya Kanisa Katoliki yanamweka Mtume Petro mwanzoni mwa orodha. Aliuawa Roma zama za Kaisari Nero, na maaskofu wa mji huo waliomfuata wakahesabiwa kuwa makhalifa wake. Afrika imo katika orodha hiyo tangu kale. Papa Viktor I wa mwishoni mwa karne ya 2 na Papa Gelasio I, aliyefariki mwaka 496, wanatajwa kuwa na asili ya Afrika.

Afrika Mashariki, kwa upande wake, iliguswa na barua za mapapa kwa namna iliyoacha makovu. Mwaka 1452, na tena 1455, Papa Nikolao V alimruhusu mfalme wa Ureno kuteka nchi za wasio Wakristo na kuwatia wenyeji utumwani. Vasco da Gama alipoikaribia pwani yetu mwaka 1498, wafalme wake walikuwa na hati ya Roma mkononi. Ilichukua hadi Machi 2023 kwa Vatikano kuyakana waziwazi mafundisho yaliyojengwa juu ya hati za namna hiyo.

Mwaka unaotuhusu zaidi ni 1839. Mwaka huo Papa Gregori XVI alitoa barua mbili ambazo hazikuitaja Uzigua wala Usambara, na zote mbili zikaja kuigusa. Ile ya Septemba iliidhinisha Shirika la Upendo, lililoanzishwa na padri na mwanafalsafa Mwitalia, Antonio Rosmini, mwaka 1828. Ya pili, ya tarehe 3 Desemba, ilikataza Wakristo kufanya au kutetea biashara ya watumwa.

Tazama hali ya Uzigua wakati huo. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani, wakauzwa na kupakiwa majahazini, wengine hadi Somalia. Uzao wao ulibaki katika bonde la mto Juba, na baadhi yao waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza huko, baadhi walirudi Tanzania kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, Handeni, nchi ya babu zao. Barua ya Gregori XVI haikumwokoa hata mmoja wa waliouzwa. Pwani ilikuwa chini ya Sultani Said bin Sultan, na soko la Zanzibar halikusoma barua za Roma.

Ramani iliyochorwa Roma

Tangu mwaka 1622 mapapa walikuwa na idara maalumu ya kueneza imani, iliyoanzishwa na Papa Gregori XV. Kazi yake kubwa ilikuwa kuamua shirika gani lihubiri wapi. Mapadri wa kwanza wa zama hizi, wakiongozwa na Armand Fava, walifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860. Mwaka 1862 Papa Pio IX aliitangaza pwani yote kuwa Prefektura ya Kitume ya Zanguebar, ikakabidhiwa Mapadri wa Roho Mtakatifu. Nao, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakianza na watumwa waliokombolewa. Kutoka hapo walisogea bara hadi Mhonda, kisha Mandera mwaka 1881, wakaigusa nchi ya Wazigua upande wa kusini.

Wakati huohuo upapa wenyewe ulikuwa unabadilika. Julai 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha rasmi jambo la imani au maadili kwa Kanisa zima. Miezi miwili baadaye jeshi la Italia liliingia Roma, na Papa akapoteza dola aliyoitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hadi mkataba wa mwaka 1929 mapapa walijifungia Vatikano. Ajabu ni kwamba Papa asiye na nchi alipata sauti kubwa zaidi duniani kuliko Papa mwenye nchi, na njia moja ya sauti hiyo ilikuwa misheni. Hakuwa na askari wala bendera katika Afrika Mashariki, lakini saini yake ndiyo iliyoweka mipaka ya kazi ya mapadri.

Mipaka hiyo ilichorwa mara kwa mara. Zanguebar ilipandishwa kuwa vikariati mwaka 1883, chini ya Askofu Raoul de Courmont. Mwaka 1906 ilitoka humo Vikariati ya Bagamoyo, na mwaka 1910 ikamegwa tena ili kupata Vikariati ya Kilimanjaro. Huko milimani Usambara, watawa Watrapisti walikuwa wamekwisha kujenga Gare mwaka 1897. Korogwe yenyewe ilibadilishwa zaidi na reli kuliko na askofu yeyote. Njia iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakafuata, na manamba, vibarua wa mkataba, wakaja kutoka Songea, Kigoma na Burundi. Miongoni mwao walikuwamo waliobatizwa kwao na mapadri wa Roma. Katika kambi za mkonge, Ukatoliki wa Roma ulikuja umebebwa na vibarua kabla ya kupewa parokia.

Ukatoliki bila Papa

Wenye nyumba hapa walikuwa wengine. Misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, inayojulikana kwa kifupi cha UMCA, ilizaliwa baada ya wito alioutoa David Livingstone mwaka 1857. Baada ya kushindwa upande wa Nyasa ilihamia Zanzibar mwaka 1864, na miaka michache baadaye ikaingia Magila, katika nchi ya Wabondei, kwa idhini iliyoombwa kwa mtawala wa Wasambaa huko Vuga. Kutoka Magila, ambayo wenyeji wanaiita Msalabani, ilienea Korogwe na Handeni.

Waanglikana hawa walikuwa wa mrengo wa Kikatoliki. Waliamini sakramenti saba na daraja ya upadri kutoka kwa mitume. Lakini, tofauti na Wakatoliki wa Roma, waliabudu kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa kuwa Askofu Edward Steere alitumia maisha yake kutafsiri Maandiko na sala, na waliharakisha kuwapa Waafrika daraja. Cecil Majaliwa alikuwa padri mwaka 1890.

Miaka sita baadaye, Septemba 1896, Papa Leo XIII alitoa barua iliyosema kwamba daraja za Kianglikana ni batili kabisa. Barua ilihusu mabishano ya Uingereza, lakini ukiipima kwa mizani ya Magila na Korogwe maana yake ilikuwa nzito. Padri Majaliwa na wenzake, kwa macho ya Roma, walikuwa walei waliovaa kanzu, na Misa zao hazikuwa Misa. Maaskofu wakuu wa Canterbury na York walijibu mwaka uliofuata. Huku bara watu waliendelea kubatizwa.

Aliyelibeba swali hili kwa uzito kuliko wote ni Frank Weston, aliyefika Zanzibar mwaka 1898 na kuwa askofu mwaka 1908, akisimamia pia Magila, Korogwe na Handeni. Mwaka 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga umoja, wakamaliza kwa kushiriki meza moja. Weston aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kwake, Kanisa lisilolinda uaskofu lilikuwa limeuza urithi wake. Mtu huyohuyo aliandika kijitabu mwaka 1920 kupinga kazi ya kulazimishwa waliyotwishwa Waafrika chini ya Waingereza.

Mwaka 1923 Weston alikuwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la Waanglikana wa mrengo wake jijini London, na kutoka kitini hapo akampelekea Papa Pio XI simu ya maandishi yenye salamu za heshima. Waprotestanti wa Uingereza walikasirika, na hata baadhi ya wenzake waliona amepita mpaka. Lakini hakuhamia Roma. Alifariki Novemba 1924 Hegongo, Magila, akiwa askofu wa Kianglikana. Msimamo wake, wa kumheshimu Papa bila kumtii, ndio ulioshikwa na dayosisi yake miaka mingi baadaye.

Shirika la mtu aliyehukumiwa

Barua ile ya Septemba 1839 ilitimiza kazi yake hapa baada ya zaidi ya karne. Mwaka 1945 watoto wa kiroho wa Antonio Rosmini, Warosmini, walianza utume wao Tanganyika, upande wa Usambara. Aprili 1950 Papa Pio XII aliikata Tanga kutoka Kilimanjaro kuwa prefektura yake yenyewe, chini ya Mrosmini Eugene Arthurs. Februari 1958 ikawa jimbo kamili, naye akawa askofu wake wa kwanza. Parokia za Korogwe na Handeni zinauhesabu ujimbo wao tangu hapo. Arthurs alifuatiwa na Waafrika: Maurus Komba, Telesphore Mkude, Anthony Banzi na, tangu 2023, Thomas Kiangio.

Waliokuja wakihubiri utii kwa Papa walikuwa wana wa mtu aliyeadhibiwa na Roma. Rosmini aliandika kitabu juu ya majeraha matano ya Kanisa, na jeraha la kwanza alilolitaja ni ukuta uliowatenga walei na mapadri katika ibada. Mwaka 1848 Pio IX alimwahidi ukardinali, na Papa alipokimbia machafuko ya Roma kwenda Gaeta, Rosmini alimfuata. Mwaka 1849 kitabu chake kiliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Alitii bila kelele, akafariki 1855. Mwaka 1887, wakati wa Leo XIII, kauli 40 kutoka maandishi yake zililaaniwa. Warosmini wa kwanza walipoteremka Tanganyika, hukumu hiyo ilikuwa bado haijaondolewa.

Iliondolewa Julai 2001, kwa hati yenye saini ya Kardinali Joseph Ratzinger. Ratzinger alipokuwa Papa Benedikto XVI, Rosmini alitangazwa mwenyeheri, Novemba 2007. Hivyo Wakatoliki wa jimbo la Tanga wanamheshimu mwenyeheri ambaye Roma ilimkataa, kisha ikamkubali.

Baada ya Mtaguso

Ukuta aliouona Rosmini ulianza kubomolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, ambako aliketi Laurean Rugambwa, kardinali Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, aliyeteuliwa na Yohane XXIII mwaka 1960. Kilatini kilipisha Kiswahili altareni. Kwa Mkatoliki wa Korogwe hilo lilikuwa jambo jipya. Kwa jirani yake Mwanglikana lilikuwa jambo la tangu babu. Oktoba 1965 Mtaguso ulitangaza pia kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Handeni, wilaya yenye Waislamu wengi, ambako ukoo mmoja waweza kuwa na shehe na katekista, ilikuwa ikiishi hivyo bila kusubiri waraka.

Na kwa Waanglikana? Machi 1966 Papa Paulo VI alimpokea Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, akamvisha pete yake ya kiaskofu. Ishara hiyo haikufuta barua ya 1896, ambayo haijatenguliwa hadi leo. Mwaka 2009 Benedikto XVI aliwafungulia Waanglikana mlango wa kuingia Kanisa Katoliki wakiwa na sehemu ya desturi zao. Dayosisi yenye makao Korogwe ilibaki ilivyokuwa. Mei 2025, Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa miongoni mwa makardinali waliomchagua Leo XIV, aliyechukua jina la Papa aliyezikataa daraja za Magila.

Ukizipanga barua hizi kwa miaka, hukumu moja inajitokeza. Upapa umekuwa na nguvu kubwa ya kugawa nchi na kuamua nani ahubiri wapi, na umekuwa mzito wa kusahihisha maamuzi yake: miaka zaidi ya 110 kwa Rosmini, karibu 570 kwa hati za Nikolao V. Wananchi wa Korogwe na Handeni hawakusubiri marekebisho hayo. Walioana, walizikana na kusomeshana kuvuka mipaka ambayo Roma na Canterbury ziliiona kuwa mikubwa.

Ushahidi wa maisha hayo umo katika vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia na misheni, katika makaburi ya makatekista, na katika vichwa vya wazee waliosoma shule za misheni kabla ya uhuru. Karatasi zinaliwa na mchwa na wazee wanaondoka. Parokia, dayosisi na walimu wa historia wa wilaya hizi mbili wanapaswa kuanza sasa kunakili vitabu hivyo na kuwarekodi wazee hao, Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja.