Istilahi za Kilatini za majani

Istilahi za Kilatini za majani ni maneno ambayo wataalamu wa botania wameyatumia kueleza umbo, ukingo, ncha na nywele za jani. Nyingi zilipewa maana maalumu katika karne ya 17 na ya 18. Shabaha ilikuwa kumwezesha msomaji aliye mbali kuutambua mmea asioweza kuuona, wakati ambapo michoro ilikuwa ghali.

Historia

Mwaka 1542 Mjerumani Leonhart Fuchs aliweka katika kitabu chake cha mimea ya dawa orodha ya maneno magumu pamoja na maelezo yake. Joachim Jungius (1587–1657), naye Mjerumani, alitenganisha wazi jani lisilogawanyika na lile lililogawanyika kuwa vijani vingi. Maandishi yake yalichapwa baada ya kifo chake. Msweden Carl Linnaeus alizipanga istilahi hizo katika *Philosophia Botanica* (1751), pamoja na michoro ya majani.

Wakati huo jina la mmea lilikuwa maelezo ya maneno kadhaa, na mara nyingi maelezo hayo yalihusu majani. Katika *Species Plantarum* (1753) Linnaeus aliweka neno moja tu baada ya jina la jenasi. Ndiyo sababu istilahi nyingi za majani bado zimo katika majina ya leo.

Maumbo

Maneno mengi yalitokana na vitu vya kila siku. *Cordatus* ni jani lenye umbo la moyo, *reniformis* la figo, *serratus* lenye meno ya msumeno. *Peltatus* latokana na ngao: kikonyo hushika upande wa chini wa jani, si ukingoni, kama kwa mbarika. *Sagittatus* na *hastatus* huchanganywa mara nyingi. Yote mawili yana ncha mbili kwenye kitako cha jani, lakini za kwanza huelekea nyuma kama za mshale, za pili hutazama nje pande zote mbili.

*Pinnatus* ni jani lenye vijani vilivyopangwa kama unyoya, mfano mkwaju. *Digitatus* ni lenye vijani vinavyotoka mahali pamoja kama vidole, na hivyo mbuyu huitwa *Adansonia digitata*. Jani la muhogo hufanana nalo kwa mbali, lakini ni jani moja lililopasuka sana. Anayeona shaka atafute tumba: huota kwenye kwapa la kikonyo cha jani zima, kamwe si chini ya kijani kimoja. Wanafunzi wengi huhesabu vijani vya mbuyu kuwa majani, na kosa hilo likishaingia, kila hatua ya utambuzi inayofuata hupotea.

Mkoko ni *Rhizophora mucronata* kwa sababu ya kincha kikali mwishoni mwa jani. Mmea unaotambaa kwenye mchanga wa pwani ni *Ipomoea pes-caprae*, yaani “mguu wa mbuzi”, kwa jani lake lililogawanyika kama kwato. Hata hivyo jina si ushahidi wa kutosha. *Bidens pilosa*, yaani kishona nguo, maana yake ni “yenye nywele”, lakini mara nyingi nywele zake ni chache mno.

Mabadiliko ya maana

Tatizo kubwa kwa wasomaji wa vitabu vya kale ni kwamba maneno yalibaki huku vipimo vikibadilika. Kwa Linnaeus *lanceolatus* lilikuwa jani refu linalopungua kidogo kidogo kuelekea ncha zote mbili. Waandishi wengi wa baadaye walilitumia kwa jani lililo pana zaidi chini ya katikati. Anayesoma maelezo ya mwaka 1753 kwa maana ya sasa anaweza kuukataa mmea ulio sahihi. Mwaka 1962 kamati ya wataalamu wa uainishaji ilichapisha jedwali la maumbo yanayopimwa kwa uwiano wa urefu na upana.

Sharti la Kilatini

Kuanzia 1 Januari 1935 jina la mmea mpya, isipokuwa katika makundi machache, halikukubaliwa bila maelezo ya Kilatini. Tangu 1 Januari 2012 maelezo hayo yanaweza kuwa ya Kilatini au Kiingereza. Jina lenyewe bado hufuata kanuni za Kilatini.