Kufuga nyungunyungu Mombasa: maadui ni joto na chumvi

Maganda na majani ya jikoni yakichanganywa na plastiki hunuka, huleta nzi, kisha huishia mtaroni au jaa la Mwakirunge. Nyungunyungu huyageuza mbolea ndani ya ndoo. Nawafuga uani hapa Likoni, na shida yetu wa Pwani si ile ya mkulima wa Limuru.

Aina. Nyungunyungu wa shambani anayechimba chini sana hakai ndooni. Anayefaa ni yule mwekundu, mdogo, anayeishi juu juu kwenye samadi na majani yanayooza. Kitaalamu huitwa Eisenia fetida. Hupenda nyuzijoto 15 hadi 25. Zikipita 35 hufa. Eudrilus eugeniae, mwenye asili ya Afrika Magharibi, hustahimili joto zaidi. Ukimpata, mchukue huyo.

Chombo. Ndoo ya lita 20 yenye matundu madogo chini na ubavuni hutosha. Iweke kivulini mwa mwembe, si chini ya bati. Isimamishe juu ya matofali yaliyo ndani ya karai la maji, sisimizi wasipande.

Matandiko. Tumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, pamoja na karatasi zilizochanwa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi yenye unyevu, na chumvi humnyonya maji mwilini. Kwa hivyo makumbi yaliyofukiwa ufuoni yaoshwe mara kadhaa kwa maji matamu. Visima vingi vya huku vina chumvi: onja kwanza, au tumia maji ya mvua. Ukikamua matandiko, yatoke matone machache tu.

Chakula. Wape maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Usiwape ndimu, pilipili, samaki wala makombo ya pilau. Yana ukali, chumvi au mafuta. Nusu kilo ya nyungunyungu hula takriban robo kilo kwa siku wakishazoea. Fukia chakula, na usiongeze kabla cha jana hakijapungua.

Mavuno. Baada ya miezi mitatu hivi utaona udongo mweusi usionuka. Weka chakula kipya upande mmoja. Watahamia huko, nawe uzoe upande wa pili kwa ajili ya mchicha wako wa guniani.

Kaskazi ikivuma na jua kuwa kali, funika ndoo kwa gunia lililoloweshwa na uliloweshe tena kila mchana. Msimu huo ndio unaoua wengi.